Mizani ya Ukurasa wa Kumi na Moja

Ninyi mliochukua meza zetu za ukarani wa kamati mliniomba, siku ya chai ya kuniaga, niwaandikie machache kuhusu kazi. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na andazi mdomoni na sikuweza kubishana. Tangu siku hiyo nimehama mara tatu. Nilikaa Kigoma kwa shemeji, nikakaa Tanga bila sababu yoyote, na sasa nimepanga chumba Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mwenye nyumba ameshaniuliza mara mbili kama nina mpango wa kukaa, maana sijafungua sanduku.

Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na sita, kwa hiari. Waliopanga punguzo la wafanyakazi walikuwa waungwana: walituletea barua za kuomba kustaafu zikiwa zimeshaandikwa, kazi yetu ikawa kutia sahihi tu. Vyeo na mishahara sitavizungumzia. Mtavikuta kwenye faili langu, kama panya hawajavikuta kwanza.

Niliingia ofisini na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Mkuu wa makarani alikuwa Bi. Tabu, mama mnene, mtaratibu, aliyeweza kuandika hatimkato huku anakunywa chai na kumkemea mtu kwa wakati mmoja. Alinipa stensili, ile karatasi ya nta tuliyokuwa tunaipiga taipu bila utepe na kuizungusha kwenye mashine ya wino, pamoja na kichupa cha dawa nyekundu ya kufutia makosa, yenye harufu ya rangi ya kucha. Aliniambia kosa la kwanza unafuta, la pili unafuta, la tatu unaanza upya. Siku hiyo nilianza upya mara nne. Mara ya tano nikasimama kwenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena.

"Wewe miguu inakuwasha," alisema Bi. Tabu bila kuinua macho.

"Samahani, Bi. Tabu."

"Usiombe samahani. Ofisi hii ina watu wa makalio wa kutosha. Nitakutafutia kazi ya miguu."

Kazi ya miguu ilikuwa hii. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, sabuni zimerudi madukani, na mashirika ya umma yaliyozoea kuuza na kununua peke yake yamejikuta sokoni pamoja na watu wenye malori yao. Kila mara tulisikia shirika fulani limepata mtendaji mkuu mpya. Mtendaji akishateuliwa, kamati ya Bunge inamwita na mpango kazi wake, inamsikiliza, inamuuliza, kisha inaishauri Serikali: huyu apewe muda, au shirika lake liingizwe kwenye orodha ya yanayouzwa. Waheshimiwa walikuwa na mashirika mengi na muda mfupi. Kwa hiyo karani mmoja alitangulia. Siku chache kabla ya kikao unauchukua mpango kazi, unachagua mstari mmoja tu, mdogo, ambao mwandishi wake hakudhani kuna mtu atakwenda kuutazama, kisha unakwenda kuutazama. Ukirudi unatengeneza karatasi za maswali, vipande vya ukubwa wa bahasha. Mbele, swali. Nyuma, chanzo: umejuaje. Kila Mheshimiwa anapewa chake.

Kuhusu chanzo Bi. Tabu alikuwa na amri moja. "Andika mahali. Usiandike mtu."

Niliifuata kwa miaka mingi. Kisha tukapata mwenyekiti mpya, mwalimu mstaafu, tuliyemwita Mama Mwenyekiti. Katika kikao chake cha kwanza meneja mmoja alikana kila tulichomuuliza, na sisi tulikuwa na majina ya mahali tu. Mama Mwenyekiti alinigeukia mbele ya watu wote. "Karani, haya umeyatoa wapi? Umeota?" Watu wakacheka. Kicheko kile kilikaa nami kuliko nilivyopenda, na ndicho nilichopanda nacho Uluguru.

Shirika lilikuwa la kununua mazao ya mlimani: kabichi, karoti, njegere, kahawa kidogo. Jina lake siliandiki, wengi waliokuwamo wangali hai na wana wajukuu. Meneja Mkuu mpya, Ndugu Kilasi, alikuwa na miezi mitatu kitini. Mpango kazi wake ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kushika: jalada gumu, majedwali, ramani yenye rangi. Ukurasa wa kumi na moja kulikuwa na mstari huu: "Kituo cha juu: mizani imetengenezwa, wakulima wanapimiwa mazao kila Jumanne."

Kituo cha juu kilikuwa mlimani, juu ya Mlali. Nilishukia Mlali asubuhi, nikanunua ndizi mbili, nikaanza kupanda. Nilipishana na akina mama waliobeba vikapu vya karoti kichwani, wanashuka karibu wanakimbia. Nikamuuliza mmoja kwa nini asiuze kituoni kwake juu. Alicheka bila kusimama. "Kituo gani, baba? Malori yako chini."

Nilifika saa sita. Ghala la bati, nyumba ndogo ya mtumishi pembeni, bustani ya maharage, na mwanamke wa makamo kwenye kiti mlangoni anashona kanzu ya mtoto. Huyo alikuwa Mama Zuhura, karani wa mizani. Nilimwambia kweli mimi ni nani. Alinitazama, akatazama viatu vyangu, akaona nimetembea.

"Karibu maji kwanza. Serikali ikija kwa miguu, kuna jambo."

Mizani ilikuwa ya kuning'inia, yenye uso wa mviringo kama saa, imepakwa rangi mpya ya kijani. Nilitundika mkoba wangu. Mshale haukutikisika. Mama Zuhura akatundika kikapu cha viazi. Haukutikisika.

"Jitundike na wewe," alisema, "utaambiwa huna uzito."

"Springi iko wapi?"

"Ilikatika, ikapelekwa mjini, haikurudi. Iliyorudi ni rangi."

Akanionyesha daftari. Kila Jumanne kulikuwa na orodha ya wakulima, kilo zao na sahihi yake. Kutoka ofisi ya mjini ilikuwa imekuja barua kumwambia ajaze daftari "kwa makadirio" mpaka mizani itakapokamilika. Alikuwa amejaza. Wakulima aliowaandika wengine walikuwa wameshahama, na mmoja alikuwa amekufa.

"Kwa nini ulijaza, dada?"

"Nyumba hii ni ya shirika, kaka. Mama yangu analala chumba kile. Shamba letu ni lile pale, na makaburi yetu yako nyuma yake. Mwingine akija kushika kazi hii, mimi nakwenda wapi?" Akaichomeka sindano kwenye kitambaa. "Nimekwambia kwa sababu nimechoka kuandika uongo kwa mwandiko wangu mwenyewe. Lakini jina langu usiliandike."

"Sitaliandika."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama mlangoni kwake, maji yake tumboni mwangu.

Siku iliyofuata nilikaa kwenye nyumba ya wageni mjini kutengeneza karatasi za maswali. Ile ya ukurasa wa kumi na moja niliiandika na kuichana mara tatu. "Chanzo: kituo cha juu." Nikamwona Mama Mwenyekiti ananigeukia. Nikasikia kile kicheko. Nikatembea mpaka stesheni ya reli na kurudi. Kisha nikaandika nyuma, kwa penseli, kana kwamba penseli si maandishi: "Haipimi kitu, springi haina. Akikana, aulizwe Mama Zuhura, karani wa mizani, ndiye aliyenionyesha."

Kikao kilianza Jumatatu asubuhi katika ukumbi wa kukodi. Ndugu Kilasi alikuja na wasaidizi wanne na majibu ya kila kitu. Alizungumza vizuri, bila kiburi, na nilianza kumpenda. Karatasi ile ilimwangukia Mheshimiwa mmoja mwenye sauti nzito, mwema kabisa, ambaye miwani yake ilikuwa imebaki hotelini. Aliishika karatasi mbali na uso, akasoma polepole.

"Ndugu Mwenyekiti, ukurasa wa kumi na moja. Napenda kujua, mizani ya kituo cha juu inafanya kazi?"

"Inafanya kazi, Mheshimiwa," alijibu Ndugu Kilasi. "Nina daftari la kila Jumanne hapa, lina sahihi."

Mheshimiwa akaigeuza karatasi na kuendelea kwa sauti ileile. "Haipimi kitu, springi haina. Akikana, aulizwe Mama Zuhura, karani wa mizani, ndiye aliyenionyesha."

Mama Mwenyekiti akashusha miwani.

"Mheshimiwa, ulikwenda kule lini?"

"Sikwenda, Mwenyekiti. Imeandikwa hapa."

Watu walicheka mpaka wengine wakafuta macho. Mimi nilikuwa namtazama Ndugu Kilasi. Hakucheka. Alichomoa kalamu mfukoni, akaandika maneno mawili kwenye karatasi, akaikunja na kumpa msaidizi aliyekaa nyuma yake. Msaidizi akatoka.

Wakati wa chakula nilimfuata Mama Mwenyekiti alipokuwa anamenya chungwa peke yake kwenye ngazi za nyuma.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba. Uso huo vipi?"

"Yule mama nilimwahidi nisingeandika jina lake."

"Na ukaliandika."

"Ulitaka chanzo."

Aliendelea kumenya, ganda likawa refu. "Basi kosa ni langu na lako. Mheshimiwa muache. Maskini, leo ndiyo kwanza amesoma kitu mpaka mwisho." Akala kipande kimoja. "Kesho si Jumanne? Kituo kinafunguliwa. Tutapanda. Tukiiona wenyewe, ushahidi unakuwa wetu, si wa yule mama."

Waheshimiwa watano walipanda, wenye miguu. Land Rover ilituacha Mlali, tukaanza njia. Ndugu Kilasi alifuata nyuma na viatu vya mjini vyenye soli laini. Kila hatua mbili alirudi moja. Karibu nusu ya mlima tuliwakuta wanaume wawili wamepumzika kwenye jiwe, jasho linawatiririka, kati yao mti wa kubebea, na kwenye mti imefungwa kamba mizani mpya ya kuning'inia, bado ina karatasi ya dukani usoni.

Mama Mwenyekiti akakaa kwenye jiwe lilelile. "Habari za kazi, wanangu?"

"Shikamoo, mama. Nzuri, ila mlima."

"Mnapeleka wapi mzigo huu?"

"Kituo cha juu. Tumeambiwa tuifikishe na kuitundika kabla wakubwa hawajafika."

"Wakubwa wamepita?"

"Hatujawaona, mama. Labda wamechelewa, unajua wakubwa."

Hakuna aliyecheka. Mheshimiwa mwenye sauti nzito alijipepea kwa kofia. Ndugu Kilasi alifika dakika chache baadaye, akaona mizani, akatuona sisi, akavua kiatu na kutoa kijiwe ambacho sidhani kilikuwamo. Nimejiuliza mara nyingi kama alijua tangu mwanzo, au alidanganywa na walewale waliomwandalia majedwali, akajua pale ukumbini pamoja nasi. Meneja wa miezi mitatu anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili. Lakini aliyejua Jumatatu mchana angeweza kusimama na kusema. Yeye alituma mizani.

Juu, Mama Zuhura alikuwa kwenye kiti chake. Aliwaona Waheshimiwa, akaniona mimi, akaelewa yote kabla sijafungua mdomo. Mama Mwenyekiti alimwambia si lazima aseme kitu, wao wameshaona. Akasema atasema. Aliingia ndani, akatoa daftari na ile barua ya "makadirio", akajibu kila swali amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Mimi niliandika. Hakunitazama hata mara moja.

Tuliporudi Mlali, Mama Mwenyekiti alitoa maagizo ya kamati papo hapo, nami nikayaandika juu ya boneti ya Land Rover. Mpango kazi urudishwe na kuandikwa upya. Mizani zote zikaguliwe. Kisha akasema, "La tatu, yule mama alindwe. Andika wewe, ni deni lako."

Niliandika kwa uangalifu mkubwa kuliko chochote nilichowahi kuandika. "Karani wa mizani wa kituo cha juu asifukuzwe kazi, asishushwe cheo, wala asipunguziwe mshahara kwa sababu ya ushahidi aliotoa mbele ya Kamati." Nilimsomea. Akasema ni zuri. Mimi pia nililiona zuri. Nililisoma tena njiani kurudi, gari likitupwa huku na huku, na nilijisikia mtu aliyelipa.

Taarifa ya utekelezaji ilikuja baada ya miezi miwili, na nakala za barua zimebanwa nyuma. Mpango mpya ulikuwa umeandikwa, wa kawaida, bila ramani ya rangi. Mizani zilikuwa zimekaguliwa. Kwa agizo la tatu kulikuwa na nakala ya barua kwa Mama Zuhura. Shirika lilimpongeza kwa uadilifu wake. Lilimpandisha cheo kuwa Mkuu wa Kituo. Kituo chenyewe kilikuwa Tunduru, kusini kabisa, safari ya siku mbili kwa basi. Nyumba ya kituo cha juu aikabidhi kabla ya tarehe ya kuripoti.

Nilimpelekea Bi. Tabu. Kwenye jedwali letu la ufuatiliaji kulikuwa na nafasi ya neno moja: limetekelezwa au halijatekelezwa.

"Hili siwezi kuandika limetekelezwa," nilisema.

"Amefukuzwa?"

"Hapana."

"Ameshushwa cheo?"

"Amepandishwa."

"Amepunguziwa mshahara?"

"Hapana, Bi. Tabu, lakini wewe unaona walichofanya."

"Naona. Naona pia agizo halisemi asihamishwe." Alisema bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nani aliliandika?"

Nilirudi mezani. Nilizunguka meza, nikaenda dirishani, nikarudi. Nilimpigia simu Mama Mwenyekiti. Alikuwa jimboni, simu haikupita. Saa kumi jioni stensili ilikuwa inasubiriwa na mtu wa mashine. Nikapiga: limetekelezwa. Sikukosea hata herufi moja.

Kesho yake niliomba ruhusa ya ugonjwa, nikapanda basi la Morogoro. Tarehe ya kuripoti ilikuwa kwenye nakala, nami nilihesabu siku za safari. Nilimkuta Msamvu kwenye kituo cha mabasi, na sanduku la bati, magunia mawili na watoto wawili wamevaa nguo za sikukuu. Mama yake alikuwa ameshuka mlimani kumsindikiza, na alikuwa amekwenda kuwanunulia wajukuu chungwa.

"Nimekuja kukuomba msamaha, dada."

"Kwa lipi? Nimepata cheo." Alitabasamu kidogo. "Watu kule juu wananipongeza. Nitawaambia nini, sitaki kuwa mkubwa?"

"Mama yako?"

"Hataki kuondoka. Anakwenda kukaa kwa ndugu, upande wa pili wa shamba. Ana miaka sabini, atakwenda wapi Tunduru?" Akapanga upya kamba ya gunia ambayo haikuhitaji kupangwa. "Ile barua ya kamati ya kunilinda, ni wewe uliyeiandika?"

"Ni mimi."

"Nilisomewa, kisha nikaomba niisome mwenyewe. Nimeisoma mara tatu natafuta pa kushika."

Mama yake akarudi na machungwa. Basi likapiga honi, utingo akaja kuchukua sanduku. Mama Zuhura aliwapandisha watoto, akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akanipa mkono. Basi likatoka kwenda njia ya Iringa, na tukabaki mimi na yule bibi na furushi la unga na chumvi alilonunua mjini.

Nilimwamkia, nikaomba nimsaidie mzigo. Alikubali kwa furaha. Alidhani mimi ni mtu wa shirika aliyekuja kumuaga mwanawe. Tulipanda pikapu mpaka Mlali, kisha tukaanza mlima, mimi na furushi begani, yeye mbele kidogo na fimbo. Alikuwa mzungumzaji. Alinionyesha mashamba na wenyewe, nani kapanda njegere mapema, nani kauza shamba. Alisema Zuhura, mjukuu wake, tayari anajua kusoma. Sijawahi kutembea na mtu aliyenifurahisha hivyo na nikatamani njia iishe.

Tulipofika nusu, alisimama kuvuta pumzi.

"Umenisaidia sana, mwanangu. Hata sijakuuliza. Wewe unafanya kazi wapi?"

Ningeweza kusema lolote. Nilimwambia. Nilimwambia karatasi, na penseli, na jina, na barua niliyoiandika mimi, na neno nililolipiga taipu siku iliyopita. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yote miwili juu ya fimbo.

Kisha akanyoosha mikono, akalichukua furushi kutoka begani kwangu, akalitua chini, akasokota kipande cha kanga kuwa ngata. Akalipandisha furushi kichwani mwenyewe, hakutaka nimtwishe. Akaanza kupanda. Nilisimama pale njiani mpaka alipopinda kona, na sikumfuata.